Historia ya Mwalimu Yen Pi-hsia, Aliyepima Maji Siku Arobaini

Ndugu waombolezaji, majirani wa kingo zote mbili za mfereji, walimu, wanafunzi wa zamani wa marehemu, na nyinyi mliokuta viti vimekwisha na sasa mmesimama juani, poleni na asanteni kwa kuja.

Mimi ni Yen Pi-yun, mdogo wake marehemu, wengi mnanijua kwa tambi za supu ninazouza pale sokoni Liuken tangu mwaka 1979, na nimetumwa na familia kusoma historia ya dada yangu, kazi ambayo kwa kawaida hupewa mtu mwenye sauti ya upole, lakini mwanawe mkubwa, Tseng Yao-hui, alinifuata jikoni akaniambia, "Mama mdogo, soma wewe, mimi nitalia," nikamjibu kwamba mimi silii, mimi nimekasirika, naye akasema hasira inafaa zaidi.

Wiki iliyopita shule ilituletea historia iliyokwisha kuandikwa, kurasa mbili zilizopigwa chapa vizuri, na ndani yake mwaka 1987 umepewa mstari mmoja tu, unaosema kwamba Mwalimu Yen aliomba mwenyewe kuhamia somo la sayansi kimu kwa sababu ya mapenzi yake makubwa ya mapishi. Nawashukuru kwa karatasi. Dada yangu alikuwa hawezi kukaanga yai bila kuliunguza, mume wake yuko hapa ni shahidi, na sitasimama mbele ya jeneza lake nikasoma jambo ambalo yeye mwenyewe angelikata kwa wino mwekundu.

Marehemu Yen Pi-hsia alizaliwa tarehe 9 Februari 1949 hapa hapa Liuken, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa marehemu mzee Yen Tsai-wang, mkulima wa kupanga mashamba ya watu, na marehemu mama Lin Pao-chu, ambaye alikuwa akipika mikate ya mchele ya sikukuu kwa maji ya majivu ya mabua ya mpunga, na wateja wake walitoka hata ng'ambo ya reli.

Alianza shule ya msingi Liuken tarehe 1 Septemba 1955, na akiwa darasa la pili alifanya jambo ambalo lilimpatia kofi moja na kazi ya maisha yake yote. Alimwagikiwa na maji ya figili za kuchacha, zile za manjano zilizotiwa bizari, juu ya blauzi yake nyeupe ya shule, akaogopa kusema, akaenda kuifua kwa siri kwa maji ya majivu ya mama, na lile doa la manjano likageuka jekundu papo hapo, mimi nikiwa mtoto wa miaka minne nikapiga kelele kwamba dada anatoka damu. Yeye hakulia wala hakukimbia, alichukua chupa ya siki, akadondosha tone moja, doa likarudi manjano, akadondosha maji ya majivu, likawa jekundu, akaendelea hivyo mpaka siki ya mwezi mzima ikaisha na mama akamkuta. Alipoulizwa ana akili gani, alisema doa linajua kitu ambacho watu hawakijui, na ndipo alipopata lile kofi.

Alisoma sekondari ya wasichana mjini kuanzia mwaka 1961, akipanda baiskeli ya baba kwa mguu mmoja kupitia katikati ya fremu kwa sababu hakufikia kiti, na tarehe 16 Septemba 1968 alijiunga na chuo cha ualimu huko Kaohsiung kusomea kemia, akahitimu tarehe 20 Juni 1972, mwanamke wa kwanza wa Liuken kufika huko, jambo ambalo baba alilitangaza hadi kwa wauza nguruwe.

Tarehe 1 Agosti 1972 aliajiriwa katika shule ya sekondari ya Liuken kufundisha kemia, na hapo ndipo wengi wenu mlipomjua. Hakupenda mtu akariri. Aliwapeleka wanafunzi kwenye ngazi za jengo la shule, akaandika kwa chaki namba kuanzia sifuri chini kabisa hadi kumi na nne juu, saba akaiweka pale pa kupumzikia katikati, mahali pa maji safi yasiyochoma wala kuteleza, halafu akawaambia kwamba kila ngazi unayoshuka kutoka saba, asidi inazidi mara kumi, haiongezeki kwa moja, inazidi mara kumi, na kila ngazi unayopanda, besi nayo inazidi mara kumi, kwa hiyo mtu asije akaona tatu na saba akadhani zimepishana vidole vinne. Mwanafunzi wa kwanza kusimama kwenye namba tatu na kusema bila kuhesabu kwa vidole kwamba pale asidi ni mara elfu kumi kuliko kwenye saba alikuwa mtoto wa fundi baiskeli, Chan Chin-piao, mwaka 1974, na mwisho wa muhula alipata alama 96, dada akaja nyumbani akimsifu mpaka tukachoka kumsikiliza. Nawaomba mlishike jina hilo.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1975 na shemeji yangu Tseng Ho-shun, mfugaji wa samaki wa ukingo wa mashariki, mtu mpole, mwenye mabwawa matatu ya perege, aliyeambiwa na ndugu zake kwamba ataoa mwanamke atakayempa mtihani kila jioni, akasema yeye hakusoma sana kwa hiyo mtihani hautamdhuru. Walijaliwa watoto wawili, Yao-hui aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1977, na Hui-chuan aliyezaliwa tarehe 28 Mei 1980, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, ndio wale waliovaa vitambaa vya kichwa pale mbele.

Sasa nafika mwaka 1987, na wale walioandika mstari mmoja watanisamehe, mimi nina zaidi ya mstari mmoja.

Sote tunajua jinsi maji yanavyogawiwa Liuken tangu zama za babu zetu, kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lango hufunguliwa kwa ukingo wa mashariki, na Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kwa ukingo wa magharibi, Jumapili mfereji hupumzika, na mtu akiiba zamu ya mwenzake hapewi mkono hata msibani. Upande wa juu wa mfereji huo, mwaka 1985, kilijengwa kiwanda cha kupaka vyuma nikeli, na kiwanda hicho nacho kilikuwa na ratiba yake, siku moja kinaosha vyuma kwa asidi ili kuondoa kutu, siku inayofuata kinaviosha kwa dawa ya besi ili kuondoa mafuta, na yote mawili kinayamwaga kwenye mfereji. Watu wa mashariki wakaanza kusema maji ni makali, yanawasha miguu, watu wa magharibi wakasema hapana, maji yanateleza mkononi kama ya sabuni, kila upande ukauona upande wa pili kuwa waongo, na nakumbuka wateja wangu wawili walirushiana vijiti vya kulia kwa ajili ya jambo hilo.

Jumatatu tarehe 16 Februari 1987 shemeji alifungua lango la bwawa kwa zamu yake kama kawaida, na kabla ya chakula cha mchana perege wote wa mabwawa matatu walikuwa wameelea, matumbo juu, matamvua yamebabuka. Dada alitoka shuleni na sare yake ya ualimu, akaingia majini mpaka magotini, akachovya kipande cha karatasi ya kupimia, kikawa chekundu, ambayo kwenye karatasi hiyo ni rangi ya asidi. Kesho yake akaenda ukingo wa magharibi, akachovya kingine, kikawa cha buluu iliyokolea, rangi ya besi. Jioni ile alikuja dukani kwangu, akaviweka vile vikaratasi viwili mezani kando ya bakuli la siki, akaniambia kwamba watu wa mashariki hawasemi uongo na wa magharibi pia hawasemi uongo, na kwamba hakuwahi kuona jambo baya lililo wazi namna ile.

Hakukimbilia kwa mtu yeyote kulalamika. Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Machi mpaka tarehe 10 Aprili, siku arobaini, yeye na wanafunzi wa kidato cha tatu darasa B walipima maji ya mfereji kila siku kabla ya kengele ya kwanza, mahali pale pale, kwa karatasi zinazotoa zile namba za ngazini, wakaandika kwenye daftari la mistari jina la mtoto aliyepima, saa, na namba. Daftari lile linasema tatu, kumi na moja, tatu, kumi na moja, mara moja tu linasema nne, na Jumapili linasema saba, kwa sababu Jumapili kiwanda kilifungwa.

Ofisi ya tarafa nayo ilikuwa ikipima. Afisa wa maji alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, naye alikuwa Chan Chin-piao, mtoto wa fundi baiskeli, alama 96. Taarifa yake ya mwezi Machi ilibandikwa mlangoni pa ofisi, ikasema kwamba kipimo cha maji ya mfereji wa Liuken ni wastani wa saba nukta sifuri, yaani maji ni salama kwa kilimo, ufugaji na kufulia. Nataka mnielewe hapa, maana kwa miaka mingi watu wamesema ulikuwa ubishi wa namba. Namba za ofisi na namba za watoto zilikuwa zile zile. Yeye pia alikuwa ameona tatu na kumi na moja, akazijumlisha, akazigawa kwa mbili, akaandika saba.

Mkutano ulifanyika Ijumaa tarehe 24 Aprili 1987 kwenye ukumbi wa chama cha umwagiliaji, nilikuwepo, nilifunga duka. Dada alifungua daftari akasoma siku zote arobaini bila kuruka hata moja, na alipomaliza, yule kijana alisimama, hakumtazama usoni, akasema, "Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba asidi na besi zinamalizana, kinachobaki ni chumvi na maji."

Dada akamjibu kwa sauti ile ile ya darasani, "Zikikutana, Chin-piao. Ukizimimina kwenye ndoo moja, kwa kiasi kinacholingana, ndiyo, zitamalizana na utapata saba yako. Sasa niambie, maji ya Jumatatu yanakutana wapi na maji ya Jumanne? Ya Jumatatu, ifikapo Jumanne, yameshafika baharini."

Mzee Liao Huo-mu wa ukingo wa magharibi, Mungu amrehemu, akasimama na kofia yake mkononi akauliza, "Kwa hiyo mke wangu akinimwagia maji yanayochemka leo, kesho akanimwagia ya barafu, kwa wastani nimeoga vizuri?" Ukumbi mzima ukacheka, mashariki na magharibi pamoja, kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kije, na dada akasema lile neno ambalo nimeombwa na Yao-hui nilisome polepole, kwamba kwa zamu zetu za maji mashamba ya mashariki yanakunywa tatu siku zote na ya magharibi yanakunywa kumi na moja siku zote, na hakuna shamba hata moja katika Liuken lililowahi kunywa wastani.

Mngedhani hapo ndipo jambo lingeisha. Mtu amesema kweli, ameionyesha kwa daftari, hata mzee asiyejua kusoma ameielewa, kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni kwamba kiwanda kile kilikuwa kinalisha familia mia tatu, mkuu wa ofisi alikuwa amekata utepe siku ya kukifungua, na wiki ile ile ikaanza kusemwa kwamba mwalimu amechochea watu ili mumewe alipwe fidia ya samaki. Neno hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu liligusa namba zake. Tarehe 4 Mei yeye na shemeji walikwenda wenyewe ofisini wakaweka saini na dole gumba kwamba hawatadai chochote kwa ajili ya mabwawa matatu, sasa wala baadaye, ili mtu asipate tena sababu ya kulidharau lile daftari. Nilimwambia ni mpumbavu. Nilimwambia shemeji ni mpumbavu mara mbili. Shemeji akanijibu kwamba samaki wamekwisha kufa, lakini namba bado ziko hai, na akaenda kufanya kazi ya kubeba mizigo kituo cha reli, ambako mgongo wake uliharibika kama mnavyomwona leo.

Na saini hiyo haikusaidia kitu. Tarehe 30 Juni 1987 shule ilimwandikia onyo kali, likawekwa katika faili lake la utumishi, kwa kosa la kuwatumia wanafunzi katika mambo yaliyo nje ya mtaala na kueneza takwimu za kutia watu hofu, na kuanzia Septemba akaondolewa kwenye kemia, akapewa kufundisha sayansi kimu, mapishi na ushonaji, yeye ambaye vifungo vya koti lake nilikuwa namshonea mimi. Mwalimu mkuu wa wakati ule alimwambia kwamba huko jikoni hakuna mfereji.

Dada alikuja dukani kwangu Jumapili tatu mfululizo kujifunza kupika tambi. Nilimfundisha kukanda unga kwa maji ya magadi, yanayoufanya uvutike na kuwa wa manjano, na nilidhani anajifunza ili asiabike mbele ya watoto, kumbe mwenzangu anapanga vita. Mwezi Oktoba watoto wa sayansi kimu walikuwa wanakanda bakuli moja la unga kwa maji matupu, la pili kwa magadi, la tatu kwa siki, wanavuta, wanapima urefu kwa rula, wanaeleza kwa nini moja linakatika na jingine halikatiki, wanapika kabeji ya zambarau na kuigeuza nyekundu kwa ndimu na kijani kwa magadi, wanatengeneza sabuni, na darasa la kushona liliishia kutia vitambaa rangi ya bizari na kuviandika kwa maji ya majivu. Wanafunzi wa kemia wakaanza kutoroka vipindi vyao kuja kuchungulia dirishani kwa mwalimu wa mapishi. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na saba, mpaka alipostaafu tarehe 31 Julai 2004, na katika miaka hiyo yote hakuna hata siku moja aliyorudishiwa chumba cha kemia, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Kiwanda kiliondoka mwaka 1996 kwa hiari yake, kilipata mahali pa bei nafuu, hakuna aliyekifukuza. Onyo lilibaki katika faili, na saba ikabaki katika taarifa za ofisi. Kuanzia mwaka 1988, kila tarehe 24 Aprili, dada aliiandikia ofisi ya tarafa barua moja ya ukurasa mmoja, haikuwa na matusi wala manung'uniko, ilisema tu kwamba taarifa ya Machi 1987 ina kosa, kwamba kosa hilo lisahihishwe kwa kuandika namba za kila siku mahali pa wastani, na aliambatanisha nakala ya daftari. Barua hizo ni thelathini na nne. Alijibiwa mara moja, mwaka 1999, kwamba faili halikuonekana. Bwana Chan Chin-piao katika miaka hiyo alipanda cheo kutoka afisa wa maji hadi msaidizi wa mkuu wa ofisi, hadi mkuu wa ofisi mwenyewe, kwa hiyo barua za mwalimu wake kwa miaka tisa zilifika juu ya meza yake mwenyewe.

Naomba radhi kwa wanaoona kwamba haya si ya kusemwa msibani. Mimi naona yalipaswa kusemwa akiwa hai.

Mwezi Machi 2017 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia tarehe 4 Juni 2018 alianza kusafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akasema angalau amepewa zamu ya mashariki. Madaktari walimweleza kwamba figo zikichoka damu huelekea kwenye asidi, kwamba damu ya mtu inatakiwa ikae kwenye saba nukta nne au karibu sana na hapo, na kwamba watampa dawa ya magadi, na dokta Pan, ambaye ni kijana mpole na yuko hapa leo, hakujua anaongea na nani. Dada alimwacha amalize, akamuuliza, "Daktari, asubuhi nikiwa saba nukta moja, jioni nikawa saba nukta saba, wastani ni saba nukta nne. Nitakuwa nimepona?" Daktari akashtuka akasema, "Hapana, mama, utakuwa umekaribia kufa mara mbili." Dada akacheka mpaka mashine ikalia, akasema huyu ndiye aliyepaswa kuwa afisa wa maji.

Jumamosi tarehe 23 Oktoba 2021, dada akiwa amelazwa nami nikimlisha uji, mlango wa wodi ulifunguliwa akaingia mzee mwenye mfuko wa mapera, nywele nyeupe, sikumtambua, dada alimtambua. Alikuwa Chan Chin-piao. Aliketi, mimi nilitaka kumtoa kwa fagio, dada akanikataza kwa jicho. Hatimaye alisema kwamba fomu ya taarifa ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha namba, kwamba mkubwa wake alimwambia ajaze kisanduku na aache falsafa, kwamba alikuwa amefunga ndoa mwezi ule. Halafu akasema, "Mwalimu, nilijua."

Dada akamwambia, "Najua kwamba ulijua. Mtihani wako nilisahihisha mimi."

Yule mzee alilia, sitasema uongo, alilia kweli. Dada akamwacha alie, kisha akamwambia, "Usiniambie mimi, Chin-piao, mimi nilikuwepo. Waambie watu wa mashariki na wa magharibi, waliokaa ukumbini siku ile." Akasema, "Nitasema, Mwalimu. Nipe muda." Dada akamjibu kwamba muda alionao ni mdogo, lakini atamgawia. Kila alipofika mtu wodini baada ya siku hiyo, aliniuliza kwa macho kama ni yeye, au kama kuna habari yoyote kutoka Liuken, na kila mara nikatikisa kichwa, siku ishirini na nne.

Jumanne tarehe 16 Novemba 2021, saa kumi na dakika ishirini jioni, Mwalimu Yen Pi-hsia alifariki dunia akiwa na miaka sabini na miwili, mume wake akiwa amemshika mkono wa kushoto na Hui-chuan mkono wa kulia. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, ndugu watatu, na daftari moja.

Familia inamshukuru dokta Pan na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, waliomwacha aeleze mambo yake hata walipokuwa na haraka. Tunawashukuru majirani wa ukingo wa mashariki mliompeleka hospitali kwa zamu, na majirani wa magharibi mlioleta mchele bila kuitwa, na kina mama mliopika hapa siku kumi na nane. Tunawashukuru wale wanafunzi wa kidato cha tatu B cha mwaka 1987, mmekuja ishirini na mmoja, nimewahesabu, nyinyi mlisimama pembeni ya mfereji na baridi ya Machi na hakuna aliyewapa cheti. Kwa walimu wenzake, tunawashukuru wawili waliokuja kumwona, nao wanajijua, na waliobaki tunawashukuru kwa mashada.

Limebaki jambo moja. Jana mchana Bwana Chan aliniletea bahasha dukani, akaniomba niisome leo mwishoni mwa historia hii, kama salamu za mwanafunzi wa zamani. Nimeifungua. Ni mistari tisa, ameandika kwa mkono wake, ametaja mwezi, mwaka na namba, na sioni hata mstari mmoja ambao si wa kweli.

Sitaisoma. Nikiisoma mimi yatakuwa maneno ya muuza tambi mwenye hasira, na kesho watu watasema Pi-yun ametia chumvi. Dada yangu hakumwomba aandike, alimwomba aseme, na alimpa muda wake mwenyewe wakati alikuwa hana wa kugawa. Mkuu wa sasa wa ofisi ya tarafa yuko safu ya pili, mashariki wako kulia kwangu, magharibi kushoto, na Bwana Chan mwenyewe yuko safu ya sita karibu na nguzo, ana miaka sitini na moja, ana sauti, na kusoma namba alifundishwa na marehemu huyu. Karatasi naiacha hapa juu ya meza, na nimewaomba vijana wasizime kipaza sauti.

Dada Pi-hsia, umepima vya kutosha, pumzika kwa amani yako. Bwana Chan, karibu.